Kamusi Iliyojisasisha Siku ya Madaktari

Mpaka leo simu ikiniambia kuna toleo jipya, damu inanichemka.

Kihispania nilijifundisha mwenyewe miaka miwili, nikiuza mtama sokoni Majengo, kwa kamusi ya mtandaoni. Wauzaji wenzangu walinicheka: "Utaongea na nani hapa Dodoma?" Mama yangu kule Chemba alikuwa akijilaza tu anakosa pumzi, na nilisikia madaktari wa Kihispania watakuja kwenye zahanati ya kijijini kwake na mashine ya kupima moyo, siku moja tu. Kila neno la ugonjwa nililihifadhi ndani ya kamusi ile.

Siku yenyewe mkalimani wao hakutokea. Nikajitokeza mimi, kifua mbele.

Zamu ya mama ilipofika, nikafungua kamusi. Lo! Inajisasisha. Kiduara kinazunguka, mtandao unakuja na kupotea. Ilipofunguka ina rangi mpya, na orodha yangu yote imefutika. "Karibu! Anza kuhifadhi maneno yako." Nianze! Baada ya miaka miwili?

Daktari, dada mmoja mpole, akauliza hali ya mgonjwa.

"Shikamoo mama, anakuuliza hali," nikasema.

"Marahaba. Mwambie sijambo, namshukuru Mungu."

Sasa kwetu nani anaanza na ugonjwa? Ukiulizwa hali, salama. Nyumbani, salama. Mifugo, salama. Ndipo unasema, "Ila hiki kifua." Nimekulia humo, nalijua hilo vizuri. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu, nabonyeza, nafyonya, natafuta neno la kukosa pumzi, na mdomo unajiendea wenyewe: bien, yaani salama. Akauliza tena. Mama akasema salama. Bien. Mara ya tatu daktari akatabasamu, akaandika, akampa panadol, akaita mwingine. Mama akashukuru, akanyanyuka. Alidhani ndivyo wanavyotibu kwao.

Nilipoinua kichwa, mwingine ameshakaa kitini. Nikaanza kujieleza, daktari akanionyesha karatasi: nafasi za mashine zimejaa. Nilitamani kuipasua ile simu ukutani. Halafu nikajiona mjinga kuliko simu. Si ningeshika kifua changu tu, nikahema mbele yake? Angeelewa hata mtoto. Ila mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamusi.

Gari lao lilipoondoka, mtandao ukatulia. Neno nililolitafuta likaja lenyewe, na mfano wa sentensi, na sauti ya kulitamka.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alisimama kila baada ya hatua chache, mkono kiunoni, akivuta pumzi. Hakulalamika. Aliniona nimenuna, akadhani kinachoniuma ni simu.

"Hicho kitabu chako cha kwenye simu kimeshapona?" akaniuliza.

"Salama, mama," nikamjibu.