Wazee wa Jumanne

Waridi alikuwa ameuza ndakala kavu, vile visamaki kama dagaa, kwenye soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka miwili ya mwisho alikuwa akimfungia mama yake ndani kwa kufuli kabla ya kwenda sokoni. Hakumwambia mtu. Mama yake, Bi Mwamini, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Akili yake ilikuwa imerudi kwenye vita ya kwanza ya nchi yao, walipovuka ziwa kukimbilia Kigoma, na kila asubuhi alifunga nguo zake katika kitenge akitaka kwenda mwaloni kupanda boti. Mara mbili aliokotwa mbali, miguu mitupu, kwenye barabara ya kwenda Fizi.

Siku moja Waridi alirudi akakuta mlango una damu kwa ndani. Mama alikuwa ameukwaruza mpaka kucha mbili zimeng'oka. Hakulia, alimnyooshea tu ile mikono, kama mtoto anayeonyesha alipoumia. Waridi aliiosha kwa maji ya chumvi, akaifunga kitambaa, kisha akaenda kwa jirani yake Espérance, ambaye mume wake, mwalimu mstaafu, alikuwa amepooza upande mmoja.

"Mi niko nafungiaka mama yangu na kufuli," akasema akiwa bado mlangoni.

Espérance akamsogezea kigoda. "Na mi naachaka mwalimu ku kitanda tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nikirudia nakuta amelowana. Haniambiaka kitu."

Wakapatana. Jumanne Waridi angebaki na wagonjwa wote wawili, Alhamisi Espérance. Mwezi haukuisha, mwanamke wa tatu akamleta baba mkwe wake, mzee Haruna, fundi wa nyavu ambaye macho yalikuwa yamezimika. Kisha wakaja wengine. Sebule ya Waridi ilipojaa, kanisa la Espérance likawapa chumba, na familia za Kiislamu za kando ya ziwa zikaleta mikeka. Hakukuwa na mradi wa shirika wala kibao mlangoni. Asiye na unga alileta kuni. Wazee walikunywa uji, wakachambua maharagwe, wakanyooshwa miguu, wakabishana kwa Kibembe nani alikuwa chifu mwaka gani.

Aliyewashinda wote kumtuliza ni Bi Mwamini. Ikifika saa nne alisimama na kitenge chake.

"Basoda banakuja," alisema, kana kwamba askari wa zamani wako mlangoni. "Tukimbie."

Waridi alimweleza kwamba vita ile ilikwisha zamani, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kutetemeka. Asubuhi moja mzee Haruna, aliyekuwa akishona wavu kwa kupapasa, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama Mwamini, uko na nafasi ku boti?"

"Hapana."

"Mi niko na mbili. Lakini boti haiyafika bado. Ikala hapa, tuingojee."

Bi Mwamini akakaa. Haruna akamtia ncha ya wavu mkononi amshikie, na wakangoja pamoja mpaka chakula cha mchana. Waridi alitoka nje, akaegemea ukuta. Miaka miwili mizima alikuwa akibishana na hofu ya mama yake. Huyu kipofu alikaa tu karibu nayo, ikatulia. Tangu siku hiyo hakumkatalia mama tena, na wenzake pia akawafundisha.

Bi Mwamini alifariki mwaka jana, msimu wa mvua, kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Wengi walidhani Waridi angerudi kwenye ndakala zake siku zote za juma. Hata yeye alidhani hivyo. Lakini arobaini ilipopita, Jumanne ilimkuta amekwisha kuteleka maji ya uji.

Miezi michache baadaye alikuja Eugène, mchimba dhahabu aliyeitwa kutoka machimbo ya Misisi amtunze baba yake, kwa kuwa dada yake alikuwa ameolewa mbali. Alimshusha mzee kwenye pikipiki akageuka haraka aondoke. Mzee alikuwa ananuka.

"Unaenda wapi, baba?" Waridi akamuuliza kijana.

"Mama, mi sijui kumuosha. Ni baba yangu. Siwezi kumuangalia vile."

Waridi hakumkaripia. Alijaza maji ya vuguvugu kwenye beseni, akamwonyesha namna ya kumfunika mzee kitambaa na kuosha sehemu moja moja chini yake, ili asivuliwe mbele ya mwanawe.

"Anza na mugongo," alimwambia. "Na umusemeshe. Muulize habari ya mashamba yake."

Kisha akatoka, akashusha pazia. Kwa muda alisikia maji tu. Halafu sauti ya Eugène, nzito, ikauliza kuhusu shamba la Kilembwe, na baba yake akaanza kumtajia mipaka yake, mti kwa mti.