Nafasi Yangu Kitandani

Leo, sokoni Kajiado, nimefungua kibuyu cha maziwa, na harufu ya moshi uliofukiziwa ndani yake ikanirudisha Kitengela, kwenye chumba cha shangazi. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja mpaka rafiki yake, mwanamke Mmasai, alipohamia na vibuyu vyake, nikatandikiwa godoro chini.

“Si ni vizuri, wako wawili, wasaidiane,” majirani walisema, wakinunua maziwa yake.

Mimi nilichukia hata kicheko chake. Jumapili moja, watoto tulipoitwa mbele kuomba, nilisema kwa sauti, “Mungu, ondoa huyo mwanamke. Shangazi humbusu akidhani nimelala.”

Kanisa lote liligeuka kumtazama shangazi. Kuanzia siku hiyo hakuna jirani aliyenunua maziwa, na kufikia Jumatano yule rafiki alikuwa ameenda.

Nilirudishiwa nafasi yangu. Shangazi alinifunika blanketi vizuri, kisha akageukia ukuta.