Shibiri Mbili za Depanezi

Andika, mjukuu wangu, kama ninavyosema, wala usinipambe.

Ulipotaka kuunda kigari cha kuchezea, ukaniomba vipimo vya depanezi yetu, lile gari la kuvuta malori yaliyokwama katika tope la Ruzizi, nilikupa vyote kwa shibiri, kwa maana sikusoma, na kiganja changu ndicho kipimo nilichokuwa nacho. Tulikubaliana kwamba kila shibiri ya gari iwe upana wa kidole chako. Ukakata makopo ya maziwa, ukachonga magurudumu kutoka kandambili iliyochakaa, na mkono wa kunyanyulia ukauunda kwa waya za gurudumu la baiskeli, urefu uleule niliokutajia. Mlango ulipopinda nilikuamuru uanze upya.

Gari lenyewe lilipinduka Runingu, ukingoni mwa mto, likivuta lori la mihogo. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na mguu wake ulivunjika. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba aliendesha kama mlevi. Tangu siku ile tulisalimiana matangani tu.

Basi ukafunga jiwe kwenye ndoano, upate kunionyesha kazi yako.

"Babu, iko inainuka mbele."

Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani. Nikakuambia ulisukume, likaenda upande, likalala juu ya meza. Gari lisilogusa ardhi kwa mbele haligeuzwi na dereva yeyote, na aliyemwamuru fundi aongeze shibiri mbili katika mkono ule, ili ndoano ifike mitaroni, nilikuwa mimi. Mdogo wangu alikataa. Nilimwita mwoga.

Nilikubebesha kigari, tukapanda hadi Songo anakoishi mdogo wangu. Sikuketi. Nilikuagiza ulitundike jiwe mbele yake, juu ya meza yake, naye akatazama magurudumu yale hewani bila kupepesa macho.

"Kosa ni langu," nilisema.

"Minye nilikuambia siku ile kwamba usukani ulikuwa mwepesi," alijibu. "Weye ulingoja kopo la maziwa likuambie?"

Aliomba koleo, akakushika mkono, akapima kwa vidole vyako viwili, akaukata mkono wa depanezi. Jiwe likaning'inia, na magurudumu yakatulia mezani.

Kisha akakutuma ulete kiti cha pili. Mimi bado nilikuwa nimesimama, kofia mkononi.