Maana Arobaini na Moja, Kifaransa Arobaini na Mbili

Kamusi elfu moja na mia mbili zimeshajalidiwa, na neno moja limekosewa. Ni neno la Kiingereza, "run". Lori litazibeba kwenda mashuleni Jumamosi saa sita mchana. Leo ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji, ambaye wenzake wanamwita Nukta, anahesabu tena. Kushoto, maana arobaini na moja. Kulia, Kifaransa arobaini na mbili. Mhariri aliifuta maana ya sita kwa kuwa ilijirudia. Nukta akaitoa kushoto, kulia akasahau. Kuanzia hapo kila Kifaransa kimelala nyumba ya jirani.

"Kuendesha duka kumepewa Kifaransa cha maji kutiririka," anajisemea, akilinganisha na muswada. "Mtoto atafeli mtihani, na amesoma vizuri."

Kifaransa chenyewe hakijui. Shule aliiacha darasa la sita. Miaka ishirini na miwili amefanya kazi kwa kuhesabu mistari, na neno likibaki bila mwenzake, mafundi huliita mjane. Safari hii mjane aliangukia mwanzoni mwa ukurasa wa nyuma. Nukta hakugeuza karatasi.

Hakuna mwingine aliyeona. Anakwenda kwa tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda.

"Si ungeuchuna tu, kaka?" mjalidi aliyemsikia akijisemea anamuuliza. Ni mama wa makamo, mdomo wake hauna likizo.

"Ninyamaze, halafu uso niuweke wapi?"

Tajiri hapandishi sauti. "Utabadilisha karatasi hiyo moja moja, kwa mkono wako. Lori likikuta hujamaliza, Jumatatu usije."

Kazi ni hii: unakata karatasi mbovu kando ya mshono, unabakiza ukingo mwembamba, unaupaka gundi, unabandika mpya. Wembe ukiteleza, kamusi imekufa.

Ijumaa jioni amefikisha mia sita na kumi. Kidole kimefungwa kitambaa, damu imepenya. Mjalidi anavuta kiti.

"Sogea. Huyu mjane wako tumzike sote."

"Tajiri amesema mkono wangu."

"Tajiri ameshakwenda kwake. Lete gundi."

Jumamosi, saa sita kasoro dakika nane, wanabandika ya mwisho. Lori liko mlangoni.

Jumatatu tajiri anamhamisha: Nukta bado ana kazi, lakini mezani kwa mjalidi. Anasema atajifunza Kifaransa, japo cha kusomea, aombe kurudi alikotoka.

Nyembe hamsini na tatu. Kamusi tisa zilizokatika mshono. Kidole cha shahada, nyuzi nne. Na kile kiti cha miaka ishirini na miwili: kina mtu mwingine.