Mhudumu wa Chumba cha Mvuke

Mhudumu wa chumba cha mvuke, nyuma ya gesti moja hapa Bariadi, hupima joto kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Mvuke ukituzidi hutuambia kwa sauti ya chini, "Toka sasa, ingia kwenye pipa," na tukiguna kwa baridi ya maji hutugeuzia mgongo ili tusione aibu. Wengi tunakuja kupumzisha mwili tu. Jumamosi nilichelewa kuvaa, nikamkuta amemleta mumewe, Anatoli, aliyepooza upande wa kushoto tangu msimu wa pamba. Alimfukiza, akamfuta jasho, kisha akaushika ule mkono uliolala na kuuzamisha kwenye pipa.

"Usitazame, Baba Nyamizi. Unasikia nini?"

Mzee alifumba macho.

"Moto," akasema. "Nasikia moto."

Mkewe hakumsahihisha. "Haya, vizuri," alimjibu. Mzee akajaribu kutabasamu, mdomo ukaenda upande mmoja. Mkewe akaendelea kuusugua mkono ule ndani ya maji ya baridi, mpaka vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi.