Frosya, Maziwa Vipi?

Zinaida Prokhorovna aliogopa ng'ombe. Lakini nchi nzima ya Kisovieti ilimjua kama Frosya, mkamuaji mcheshi wa shamba la ushirika katika filamu yake ya kwanza. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake na la baba yake, kama heshima inavyotaka. Kwenye foleni ya mkate walimpisha: "Pita, Frosya wetu, ng'ombe wanakungoja!" Naye alipita akicheka. Angefanyaje? Waliompenda ndio waliomfungia ndani ya jina hilo.

Kisha studio ikatafuta wa kuigiza daktari mpasuaji aliyefiwa na mgonjwa mikononi mwake. Zinaida akaomba, akaomba tena, hadi wakakubali kumjaribu mbele ya kamera.

Shangazi Pasha, mpambaji wa waigizaji pale studio, alimfunga nywele nyuma, akimwita kwa jina la kumdekeza.

"Usicheke tu, Zinochka. Meno hayo ni ya Frosya."

"Leo sina meno, Shangazi."

Taa zikawaka. Zinaida akavua glavu polepole, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu asiyemjua. Hakulia. Gleb, mwongozaji, akasahau sigara yake ikamuunguza kidole.

Ghafla mlango ukasukumwa. Seremala mmoja, mbao begani, akaropoka kwa furaha:

"Frosya! Maziwa vipi?"

Zinaida akageuka. Kidevu juu, mkono kiunoni, meno yote nje, kabla moyo haujapata nafasi ya kukataa. Kamera ilikuwa bado inarekodi.

Kesho yake baraza la sanaa la studio, lenye kuamua nani aigize nini, likatazama kipande kile. Sehemu ya daktari ilipita bila kofi hata moja. Kwa tabasamu wakapiga makofi.

"Wananchi wanamtaka huyu!" alisema mwenyekiti. "Tumpandishe Frosya cheo, filamu ijayo aongoze shamba."

"Na daktari?" aliuliza Zinaida.

"Daktari ataigizwa na yeyote, mpenzi. Frosya ni mmoja."

Gleb alitazama viatu vyake. Jana alikuwa ameona alichoweza Zinaida.

Zinaida akatoka nje, theluji ikianguka, glavu zake za baridi zikabaki sakafuni. Shangazi Pasha akaziokota, akasimama mlangoni.

"Zinaida Prokhorovna!"

Hakugeuka.

"Zinaida Prokhorovna!"

Aliendelea kutembea, kama vile aliyeitwa ni mtu mwingine. Jina lile jingine, ambalo lingemgeuza mara moja, lilikuwa tayari ulimini mwa Shangazi Pasha. Akalimeza. Akamkimbilia kwenye theluji na ndara zake miguuni.