Misalaba Myekundu ya Wodi ya Wanawake

Kwanza nilisikia beseni la bati likigonga sakafu, kisha viatu vikikimbilia mlango wa nyuma. Na hata leo naona haya kukiri kwamba mimi, niliyekuwa nimerudi Kampala na shahada ya pili ya uuguzi, nilitazama saa yangu ili niandike wakati kamili, kabla sijauliza nani amekimbia.

Alikuwa Sista Akello, muuguzi pekee wa zamu, naye alikimbia na ufunguo wa kabati la bandeji, huku mgonjwa aliyeungua mgongo akingoja kusafishwa kidonda. Sikuelewa kitu. Nilikuwa nikichunguza unawaji wa mikono, ili ushahidi, si mazoea, utuongoze kuzuia vidonda kuoza. Na kwa kuwa anayejua kwamba anatazamwa hunawa kuliko kawaida yake (nililiwaza hili juma zima), niliamua kutomweleza yeyote. Siku tatu nilikaa kimya kwenye benchi la mlangoni, bila sare, nikiandika jina la kila muuguzi, saa, na msalaba mwekundu kila aliposhika mgonjwa bila kunawa. Nilipokwenda kunywa maji, daftari nililiacha wazi.

Mgonjwa yule, mke wa askari, ndiye aliyeninong'oneza.

"Dada, Sista naona jina yake na misalaba kumi na moja. Wewe natoka ofisi gani?"

Nikajibu kwa usahihi wote kwamba natoka kwenye utafiti (wale majasusi wa serikali waliokuwa wakiwachukua watu na kutowarudisha nao walijiita watu wa utafiti, mimi tu ndiye niliyesahau), naye akajifunika shuka hadi utosini.

Metroni, mkuu wa wauguzi, alinipa namba ya simu ya duka la mjomba wake Akello huko Nateete, alikodhani amekimbilia. Nikatunga maelezo matatu ya kuomba radhi, nikayafuta yote, na bandeji ya yule mama ikazidi kulowa. Mwishowe nikapiga. Akello akapokea mwenyewe. Nikamweleza kwamba nilihesabu kunawa tu.

"Madamu, siku tatu wewe naketi pale, hapana uliza kama sabuni iko? Sabuni nakwisha mwezi mzima. Sisi nanawa na nini?"

Nikaapa papo hapo kwamba sitamwekea tena alama mtu ambaye sijamwuliza neno.

"Kuapa baadaye, Madamu," akasema. "Sasa tafuta sabuni. Mimi nakuja."